Asidi hukata maziwa, lakini huilinda protini tamu

KILA anayeingia jikoni anajua kwamba maziwa na ndimu havipatani. Kamulia matone machache ya ndimu ndani ya maziwa moto nayo yatakatika papo hapo: mabonge meupe huku, maji mepesi kule. Jambo hili tumelizoea mno hata hatujiulizi hutokeaje.

Hata hivyo, zipo protini nyingine ambazo asidi huzitendea kinyume kabisa. Protini hizi hupatikana katika matunda ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, na utamu wake hushinda ule wa sukari mara mamia, hata maelfu. Ile inayojulikana zaidi, ikipashwa moto ndani ya kinywaji kichachu, hubaki tamu. Ikipashwa moto mahali pasipo na asidi, hushikamana mabonge na utamu wake ukatoweka.

Jambo hili haliwahusu wataalamu wa maabara peke yao. Wagonjwa wa kisukari wanaofika kwangu huniuliza mara kwa mara swali moja: daktari, nitumie nini badala ya sukari? Protini tamu ni miongoni mwa majibu yanayotajwa siku hizi. Kabla msomaji hajatoa pesa zake, inafaa aelewe protini hizo hufanya kazi vipi na mipaka yake ni ipi. Isitoshe, kanuni inayoamua kama protini itabaki nzima au itaganda ndiyo hiyo hiyo inayoitawala insulini ambayo watu wengi hujidunga kila siku.

Umbo ndilo kazi

Protini ni mnyororo mrefu wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Jina hilo lisikutatize. Mnyororo huo hauna uchachu wa ndimu. Mara tu unapotengenezwa, mnyororo hujikunja na kupata umbo lake maalumu. Mtu aweza kulinganisha na ukili. Ukishonwa hivi huwa mkeka, ukishonwa vile huwa kikapu. Ukili ni ule ule, lakini huwezi kubebea viazi kwa mkeka.

Kadhalika, kazi ya protini hutegemea umbo lake. Ulimi wetu una vipokezi vya utamu, na kipokezi kikuu kati ya hivyo kilitambuliwa na watafiti mwaka 2001. Sukari ni molekuli ndogo inayoingia katika kipokezi hicho kwa urahisi. Protini tamu ni kubwa zaidi, nayo hukishika kwa sababu umbo lake la nje linaoana nacho. Umbo hilo likiharibika, utamu huisha hata kama viungo vyote vya mnyororo bado vipo.

Asidi hufanya nini?

Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi huwa na 7, yaani hayana asidi wala alkali. Kadiri nambari inavyopungua ndivyo asidi inavyozidi, na kila hatua moja ni ongezeko la mara 10. Maji ya ndimu huwa na pH ya kati ya 2 na 3. Maziwa mabichi huwa karibu 6.7, na damu ya binadamu huwa kati ya 7.35 na 7.45.

Baadhi ya viungo vya protini hubeba chaji za umeme, nyingine chanya na nyingine hasi. Chaji zinazofanana husukumana na zinazotofautiana huvutana. Tunapotia asidi, tunaongeza chembe za haidrojeni zenye chaji chanya. Chembe hizo hujibandika kwenye protini na kuifanya iwe chanya zaidi. Alkali huzibandua, na protini ikawa hasi zaidi.

Basi kila protini ina kiwango chake cha pH ambapo chaji chanya na hasi huwa sawasawa. Katika kiwango hicho hakuna nguvu ya kuzisukuma molekuli mbali mbali. Hukaribiana, hushikana, na hatimaye huwa mabonge.

Hivyo ndivyo maziwa yanavyokatika. Protini kuu ya maziwa huitwa kaseini, na chaji zake husawazika kwenye pH ya 4.6. Katika maziwa mabichi kaseini huwa hasi, kwa hiyo chembe zake hukaa mbali mbali. Ndimu inapoishusha pH hadi karibu 4.6, nguvu ya kusukumana huisha. Maziwa ya mala hufuata njia hiyo hiyo, ila hapo asidi hutengenezwa polepole na bakteria, ndiyo maana huganda kwa ulaini badala ya kukatika.

Joto nalo lina kazi yake. Huutikisa mnyororo mpaka ukafumuka, na sehemu za ndani zisizopenda maji hujitokeza nje. Sehemu hizo hunata kwa zile za jirani. Ute wa yai uliokuwa kama maji hugeuka mweupe na mgumu kwa sababu hiyo, na hakuna anayeweza kuurudisha ulivyokuwa.

Kwa kifupi, protini huharibika kwa hatua mbili: kwanza kufumuka, kisha kushikamana. Asidi huingia katika hatua zote mbili, na matokeo hutegemea protini yenyewe imeundwa vipi.

Thaumatini na tunda la katemfe

Protini tamu inayojulikana zaidi ni thaumatini. Hutoka katika tunda la mmea uitwao katemfe, ambao jina lake la kitaalamu ni Thaumatococcus daniellii. Mmea huo huota chini ya miti mikubwa katika misitu ya Afrika Magharibi, na majani yake mapana hutumiwa kufungia chakula. William Freeman Daniell, aliyekuwa daktari katika jeshi la Uingereza, aliandika habari zake mwaka 1855. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wameujua utamu wake zamani. Mwaka 1972 watafiti wa Uholanzi, van der Wel na Loeve, walifaulu kuitenga protini yenyewe.

Thaumatini ina asidi amino 207, na kwa uzani ni tamu kuliko sukari mara 2000 hadi 3000. Tupige hesabu. Vijiko viwili vidogo vya sukari ni takriban gramu 8, na hutoa kama kalori 32. Ili kupata utamu wa kiasi hicho, yatosha kutumia miligramu 4 hivi za thaumatini, ambazo kalori zake hazifikii hata sehemu ya kumi ya kalori moja.

Sasa tuitazame tabia yake mbele ya asidi. Chaji za thaumatini husawazika kwenye pH ya karibu 12, kiwango ambacho hakifikiwi na chakula chochote cha kawaida. Kwa hiyo, katika kila chakula tunachokula, thaumatini huwa na chaji chanya kwa wingi, na molekuli zake husukumana. Ukitia ndimu, huwa chanya zaidi. Ndimu inayozisogeza kaseini pamoja huzizuia thaumatini zisikaribiane.

Ulinzi wa pili ni vifungo vya salfa. Thaumatini ina vifungo 8 vya namna hiyo, vinavyoushika mnyororo kama mishono inavyoshika nguo. Watafiti wa Japani waliipasha moto wa nyuzijoto 80 za Selsiasi. Katika pH ya 7 na kuendelea, utamu ulitoweka kwa muda wa dakika 15 tu. Katika pH ya 2, utamu ulikuwapo hata baada ya saa 4.

Sababu ni kwamba pasipo na asidi, joto huvunja baadhi ya vifungo vya salfa. Ncha zilizofunguka hutafuta mahali pa kushika, zikazidaka molekuli za jirani, na mlolongo huo ukiendelea mabonge hutokea. Mahali penye asidi, vifungo hivyo havivunjiki kwa urahisi, na hata ikipatikana ncha iliyofunguka, chembe ya haidrojeni huifunika na kuituliza.

Mpishi afanye nini? Thaumatini inafaa katika juisi ya ukwaju, ya limau au ya matunda ya pasheni, hata kama kinywaji kitapashwa moto ili kuua vijidudu. Haifai kuchemshwa pamoja na chai ya maziwa, ambayo pH yake haiko mbali na 7. Chai ya namna hiyo itiwe utamu ikishaepuliwa na kupoa kiasi cha kunyweka. Keki na mikate inayotiwa magadi soda ndiyo mahali pabaya zaidi, kwa sababu panakutana alkali na joto la oveni.

Ndugu wasiofanana

Msomaji asidhani kwamba protini tamu zote zina tabia moja. Brazeini, inayotoka katika tunda la Pentadiplandra brazzeana la Afrika ya Kati, ni ndogo sana. Ina asidi amino 54 tu. Ilielezwa mwaka 1994 na watafiti Ming na Hellekant. Vifungo vyake 4 vya salfa vimeukaza mnyororo huo mfupi barabara. Utamu wake hustahimili nyuzijoto 80 kwa zaidi ya saa 4, na huvumilia asidi na hali ya kawaida pia. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa vyakula wanaitazama kwa hamu.

Monelini ni kinyume chake. Protini hii ilitengwa mwaka 1972 katika kituo cha utafiti cha Monell mjini Philadelphia, Marekani, nayo ikapewa jina la kituo hicho. Ina minyororo miwili iliyokaa pamoja bila kifungo chochote cha salfa baina yake. Joto likipita nyuzi 50 penye asidi, minyororo hiyo huachana na utamu hutoweka. Baadaye wanasayansi waliiunganisha minyororo hiyo kuwa mmoja, na uimara wake ukaongezeka. Hata hivyo, mwaka 1999 ilionekana kwamba hata monelini ya mnyororo mmoja, ikiwekwa katika asidi kali na joto la nyuzi 85, hushikamana na kuwa nyuzi nyembamba zinazofanana na zile zinazoonekana katika baadhi ya maradhi ya mwili. Jaribio hilo lilikuwa la maabara, wala halionyeshi kwamba mlaji ataugua. Linaonyesha tu kwamba asidi ni rafiki wa thaumatini bila ya kuwa rafiki wa kila protini.

Kuna na mirakulini, protini ya tunda jingine la Afrika Magharibi, Synsepalum dulcificum. Yenyewe haina utamu. Ukitafuna tunda hilo, mirakulini hukaa juu ya vipokezi vya ulimi bila kuviamsha. Lakini ukila ndimu baadaye, asidi hubadilisha namna mirakulini inavyokishika kipokezi, na ndimu ikaonekana tamu kama chungwa. Ladha imebadilika, ndimu haijabadilika. Asidi ni ile ile kwa meno na kwa tumbo lenye vidonda.

Somo kwa anayetumia insulini

Insulini nayo ni protini, na kanuni tulizozieleza zinaihusu moja kwa moja. Ina asidi amino 51, na ikipata joto kali, ikigandishwa kwa barafu au ikitikiswa sana, molekuli zake hushikamana. Insulini iliyoshikamana haifanyi kazi ipasavyo. Mgonjwa hujidunga kipimo kile kile, sukari inapanda, naye anabaki kushangaa.

Aina moja ya insulini hutumia kuganda huku kwa manufaa. Nayo ni glargini, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2000. Wataalamu waliibadilisha kidogo ili chaji zake zisawazike karibu na pH ya mwili. Katika chupa huwekwa ndani ya maji yenye asidi ya pH 4, ambamo huyeyuka na kuwa angavu. Ikishadungwa chini ya ngozi, hukutana na pH ya karibu 7.4, asidi huisha nguvu, na insulini huganda kuwa chembe ndogo mno. Chembe hizo huyeyuka polepole na kutoa dawa kwa muda wa saa 24 hivi.

Sasa waweza kuelewa kwa nini daktari hukukataza kuchanganya glargini na insulini nyingine katika sindano moja. Mchanganyiko huo hubadilisha asidi ya chupa, na dawa huanza kuganda kabla ya kuingia mwilini.

Chupa ambazo hazijafunguliwa zihifadhiwe katika friji, kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Inayotumiwa isiachwe juani wala ndani ya gari. Kama huna friji, hasa katika miji ya joto kama Mombasa, mtungi wa udongo uliolowanishwa na kuwekwa kivulini husaidia kupunguza joto. Insulini iliyo angavu ikionekana na ukungu au vipande, itupe. Zile ambazo kwa asili ni nyeupe kama maziwa zibingirishwe taratibu kati ya viganja mpaka zilingane. Zikibaki na mabonge, nazo zitupwe.

Tumboni je?

Watu huuliza kama protini iliyovumilia ndimu na moto haitadumu tumboni. Asidi ya tumbo, ambayo pH yake kwa kawaida ni 1.5 hadi 3.5, haifanyi kazi peke yake. Kuna kimeng'enya kiitwacho pepsini kinachoikata protini vipande, na vimeng'enya vingine huendeleza kazi hiyo katika utumbo. Thaumatini humeng'enywa kama protini nyingine za chakula. Haigeuki kuwa glukosi kwa kiasi cha kupandisha sukari ya damu, kwa kuwa kinacholiwa ni miligramu chache.

Mwaka 1985 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, iliichunguza thaumatini na haikuona haja ya kuweka kikomo cha kiasi cha kula kwa siku. Katika vyakula vinavyotoka Ulaya, huandikwa E 957 kwenye pakiti. Utamu wake huchelewa kidogo kusikika, kisha hukaa ulimini kwa muda mrefu, jambo ambalo baadhi ya watu hawalipendi.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, soma maandishi yote ya pakiti. Bidhaa inaweza kuwa na protini tamu na bado ikawa na sukari ya kawaida, au wanga mwingi unaopandisha sukari ya damu. Protini tamu haitibu kisukari wala haichukui nafasi ya dawa.

Pili, usisahau meno. Kinywaji kichachu kinachoifaa thaumatini hakiyafai meno. Tabaka la nje la jino huanza kuyeyuka pH inaposhuka hadi karibu 5.5, na juisi nyingi za matunda pamoja na soda ziko chini ya hapo, ziwe na sukari au zisiwe nayo. Kunywa pamoja na chakula badala ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo.

Tatu, mazoea ya utamu yapunguzwe. WHO ilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula cha siku. Mwaka 2023 shirika hilo hilo lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo sukari ili kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwalenga wale ambao tayari wana kisukari. Anayezoea uji wa wimbi wenye ukwaju na utamu kidogo, baada ya wiki chache huona uji wa zamani ulikuwa na utamu kupita kiasi.

La nne ndilo ninalolisisitiza zaidi kwa jamaa wa wagonjwa wa kisukari. Nyumba isiondoe sukari yote. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge fulani aweza kushukiwa na sukari ghafla: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Wakati huo kinywaji kilichotiwa protini tamu hakina msaada wowote. Ulimi utasikia utamu, lakini ubongo unaohitaji glukosi hautapata kitu. Kama mgonjwa ana fahamu na aweza kumeza, mpe gramu 15 hivi za sukari halisi, yaani vijiko vidogo vitatu au vinne, iliyokorogwa katika maji. Pima tena baada ya dakika 15, na umpe tena ikiwa bado iko chini. Kama amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Weka sukari hiyo katika kopo lenye alama, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, watoto wakiwemo.